Karatasi Isiyoijua Nyumba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, hapa hapa Gisenyi, mvua ilikuwa imekatika ghafla na barabara ya mpakani, ile ya kwenda Goma upande wa Kongo, imejaa akina mama wenye mabeseni kichwani. Nilikuwa msichana bado, sijaolewa. Wazazi wangu walikuwa wamenirudisha kutoka Tanzania miaka michache kabla, na nilikuwa na vitu viwili ambavyo wengi hapa hawakuwa navyo: Kiswahili cha shuleni na mashine ya kupiga chapa. Siku zile, ukiwa na mashine ya chapa, ulikuwa mtu.

Nilipanga chumba kidogo cha mbele karibu na soko, nikafungua kile ambacho watu wa hapa wanakiita secrétariat, mahali pa kupigiwa chapa barua, maombi ya kazi na mikataba. Watu waliniita Mutanzania. Walikuja hata kutoka Mahoko kuniletea mambo yao, na mimi niliyapanga kwa maneno mazuri. Niseme ukweli, nilijipenda. Nilikuwa na sentensi zangu nilizozikariri kutoka kwenye mkataba mmoja wa zamani wa baba yangu, na kila aliyekuja kuuza au kununua nilimpa zilezile: "kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu," "jengo pamoja na vyote vilivyomo," na ile ya mwisho niliyoipenda kuliko zote, "mashahidi waliotia saini hapa chini wameiona mipaka kwa macho yao." Nilikuwa nikiisoma kwa sauti, na watu wanatikisa kichwa kwa heshima.

Asubuhi hiyo waliingia watu wawili. Wa kwanza alikuwa Evariste, mtu wa makamo, mchangamfu, ambaye baba yake marehemu alikuwa muoka mikate. Jengo la mikate lilikuwa bado limesimama kwenye barabara ya kushukia mpakani, ila tanuri halikuwashwa tena. Wa pili alikuwa Mama Furaha, mfanyabiashara wa maharage na viazi. Alikuwa ameuza shamba lake la Busasamana na kuacha meza yake ya sokoni Mahoko ili anunue jengo hilo liwe ghala. Karibu na mpaka, unaona, mzigo haulali njiani.

"Andika vizuri, Mutanzania," Evariste aliniambia. "Ile Kiswahili yako ya redio."

Nikaweka karatasi kwenye mashine. Mama Furaha alikaa kwenye ukingo wa benchi, mikono amefumbata, akiangalia vidole vyangu.

"Na chumba ya nyuma?" aliuliza.

"Yote njo yako, mama. Nimesema yote."

"Uko na ndugu?"

"Niko na dada. Aliolewa Goma. Ule hana shida na hapa."

Nilisikia, mwanangu. Nilisikia kama unavyosikia redio ya jirani, inakupita tu. Nilikuwa nimefika kwenye "vyote vilivyomo" na sikutaka kukosea herufi. Tulipomaliza, ikaonekana kuna shahidi mmoja tu, rafiki yake Evariste. Anahitajika wa pili.

"Si we uko hapa?" Evariste akasema. "Tia saini, bon, tuende."

Nikatia saini. Chini kabisa, chini ya sentensi yangu niipendayo, nikaandika jina langu kwamba nimeiona mipaka kwa macho yangu. Jengo lenyewe nilikuwa nalipita kila siku nikienda kanisani, lakini kulipita ni jambo jingine. Sikuwahi kuzunguka hata upande mmoja wake. Sikusikia hata kidogo kwamba nimesema uongo. Kwangu yalikuwa maneno ya mkataba, kama vile mtu anavyoandika "Mpendwa" mwanzoni mwa barua kwa mtu asiyempenda.

Zikapita kama wiki sita. Mama Furaha akahamia. Vyumba viwili vya mbele vikajaa magunia, akahitaji cha nyuma, na cha nyuma kilikuwa na kufuli ambalo Evariste alisema ufunguo wake umepotea. Mama Furaha akaita fundi, kufuli likavunjwa. Kesho yake, kabla ya saa nne, mwanamke mmoja akavuka mpaka kutoka Goma, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jengo, akaokota lile kufuli lililovunjika, akalifunga kwenye pembe ya kitenge chake. Huyo alikuwa Bernadette, dada yake Evariste. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa wapatanishi wa mtaa na kuweka kufuli mezani.

Wapatanishi, kama unavyojua, ni wale watu wanaochaguliwa na majirani kusikiliza magomvi kabla hayajafika mahakamani, abunzi. Mkubwa wao wakati huo alikuwa bibi mmoja mwembamba, Mama Speciose, aliyekuwa amezeeka akiuza samaki wa ziwani. Shule hakwenda sana. Aliposikia kwamba mashahidi wa mkataba wanaitwa, alisema kikao hakitafanyika ofisini.

"Tutakaa kule kwenye nyumba," akasema. "Nyumba njo inagombaniwa, donc nayo ikuwepo."

Viti viliazimwa kanisani, vikapangwa uani nyuma ya jengo. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona ule ua. Nilivaa gauni langu zuri. Nilidhani nimeitwa kusoma mkataba, na kweli niliitwa kuusoma. Nikasimama, nikausoma wote, kwa ile sauti yangu. Watu wakatikisa kichwa kama kawaida. Mama Speciose akangoja nikae.

"Binti," akasema, "umeandika umeona mipaka kwa macho yako."

"Ndiyo, mama."

"Muzuri. Angalia kwangu, usigeuke. Hii nyumba iko na milango ngapi?"

Nilijua mlango wa mbele, kila mtu aliujua. Nikafikiri, nyumba ya biashara haikosi mlango wa nyuma.

"Miwili," nikasema.

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Ilikuwa mitatu. Wa tatu ulikuwa mgongoni kwangu kabisa, hatua chache kutoka kwenye kiti nilichokalia, na ndio ulioleta kesi yote.

Mama Speciose hakucheka. Alimgeukia Bernadette, akamwuliza kama ana chochote cha kuonyesha. Bernadette akatoa kwenye mkoba mfuko wa nailoni, ndani yake bahasha, ndani ya bahasha karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Baba yao, yule muoka mikate, alikuwa ameiandika mwenyewe kabla hajafa, na watoto wote wawili waliweka saini. Ilipita mikononi mwa wapatanishi mmoja mmoja, kisha Mama Speciose akaninyooshea mimi.

"Wewe njo unajua kusoma. Soma."

Ilikuwa kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa kama za mtoto. Niliisoma, na mpaka leo naikumbuka karibu yote:

"Mimi baba ya Evariste na Bernadette. Vyumba mbili ya mbele, ya kwenye barabara, ni ya Evariste. Chumba ya nyuma, ile iko na furu ya mikate, ni ya Bernadette. Mulango yake inaangalia kwa muparachichi. Toka ukuta ya furu mpaka muparachichi ni hatua kumi na mbili. Ni hatua ya Evariste, juu ya mimi niko mufupi. Njia ya kupita pembeni ni ya wote wawili, hakuna kuifunga. Evariste asiuzishe bila dada yake kusikia na Bernadette asiuzishe bila kaka yake kusikia."

Hapakuwa na "kwa hiari yangu." Hapakuwa na "akili timamu." Hata nukta alizisahau. Lakini nilipokuwa nasoma, nilishangaa kuona macho ya watu yanatembea. Nikisema ukuta, wanaangalia ukuta. Nikisema njia ya pembeni, vichwa vinageukia njia ya pembeni. Nilipousoma mkataba wangu mimi, walikuwa wameniangalia mimi.

Mama Speciose akasema, "Evariste, simama. Tembea."

"Mama, ni mambo ya zamani..."

"Tembea, tuone."

Evariste akaweka kisigino kwenye ukuta wa tanuri. Alikuwa mtu mrefu. Akaanza kutembea na watu wakaanza kuhesabu pamoja naye, kwanza kwa mzaha, rimwe, kabiri, gatatu, kwa Kinyarwanda, kisha sauti zikapungua jinsi alivyosogea. Hatua ya kumi na mbili ilimfikisha kwenye kisiki cha mparachichi. Mti wenyewe ulikuwa umekatwa zamani, lakini kisiki kilikuwepo, na kiatu chake kilikigusa. Akabaki amesimama pale, ametugeuzia mgongo. Nadhani alikuwa anamwona baba yake amesimama ukutani anamwambia, nenda, tembea nihesabu.

Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Nilifikiri hatarudi," akasema. Hakumwambia mtu fulani.

"Nilienda wapi?" Bernadette akamjibu. "Toka kwangu mpaka hapa ni mwendo wa muguu. Kila siku niko nauza samaki ya sambaza kwa barabara hii. We njo ulikuwa unapita na moto, ile pikipiki yako, hauniangalii."

Hapo wengi waliinamisha vichwa, kwa sababu hapa mjini kila familia ina mtu upande wa pili, na si kila mtu anawaangalia watu wake wanapopita.

Wapatanishi waliamua hivi: vyumba viwili vya mbele, kwa kuwa Bernadette sasa amesikia na hakupinga, vinabaki vya Mama Furaha. Chumba cha tanuri hakijauzwa, kwa kuwa aliyekiuza hakikuwa chake. Evariste alitakiwa kumfidia Mama Furaha kwa upungufu ule, na alifanya hivyo, ingawa kwa kuvutavuta miguu. Mama Furaha hakufurahi. Alinunua ghala, akabaki na duka. Pale pale uani aliuliza, "Na sasa mizigo yangu nitaweka wapi?"

Watu walipoanza kurudisha viti, Mama Speciose alinishika kiwiko. Nilidhani atanigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Maneno yako iko mazuri kabisa, binti yangu," akasema. "Hata mimi nimeyapenda. Lakini hii karatasi yako haijue hii nyumba. Unaweza kuibeba uende nayo Ruhengeri, uweke kwa nyumba ingine, itaenea. Karatasi ya nyumba haifai kuenea nyumba ingine." Akaniachia kiwiko. "Ule muzee hakujuaka kuandika. Lakini alitoka inje, akaangalia. We unaogopa nini kutoka inje?"

Sikuwa naogopa. Nilikuwa tu sijawahi kutaka kujua. Nilipiga chapa majengo mengi bila kujiuliza hata mara moja yanafananaje.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Furaha kuomba msamaha. Nilimkuta anapanga magunia mpaka karibu na dari. Hakunipa kiti.

"Mimi sijue kusoma," aliniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilikuona ukiandika, haraka haraka, haukosei. Nikasema, huyu anajua. Nilikuwa na maswali mingine ya kumuuliza Evariste. Nikaacha, juu ya nilikuona we hauulize."

Mwanangu, nimezeeka na neno hilo. Alikuwa na maswali yake, na kimya changu kikamfundisha kwamba hayahitajiki.

Nikamwambia nipe siku mbili. Nikavuka kwenda Goma kwa Bernadette. Alikuwa anasafisha sambaza, akafuta mikono kwenye kitenge, akanikaribisha. Sikwenda kumshawishi auze. Nilikwenda kuuliza. Chumba kile anakitaka kwa ajili gani? Akasema hataki kukiuza maisha yake yote, kwa sababu ndani ya chumba kile ndipo alipojifunza kukanda unga. Kukaa bure lakini, chumba kinaoza. Nikamwuliza kama angeweza kukipangisha. Akasema, kama tanuri halitabomolewa, na kama atakayepanga hataweka chumvi wala mafuta ya taa karibu nalo, anaweza.

Ndivyo Mama Furaha na Bernadette walivyokutana kwa mara ya pili kwenye ule ua, safari hii bila viti. Na mimi nikaja bila mashine, na daftari tu. Mama Speciose alikuja pia, akakaa juu ya kisiki, akisema anapita tu.

Sijui nikuelezeje ile siku. Nilianza na swali moja, nalo likazaa jingine. Maji ya mvua ya bati hili yanaanguka wapi? Tukaenda kuangalia, tukakuta yanaangukia kwa jirani, na jirani alikuwa na mengi ya kusema tangu zamani, hakuna aliyewahi kumwuliza. Ukuta huu wa katikati ni wa nani, ukipasuka nani anaujenga? Choo ni cha nani? Gari la mizigo linaingia kwa njia ya pembeni? Tukapima njia kwa kamba. Gari haliingii, mkokoteni unaingia. Basi Mama Furaha akasema, "Andika mukokoteni. Usiandike gari, wasije wakasema niliomba gari." Nikaandika mkokoteni. Bernadette akauliza, na akifa Mama Furaha, watoto wake wataendelea kupanga? Mama Furaha akacheka, mara yake ya kwanza mbele yangu, akauliza, na wewe ukifa? Wakakaa chini wakazungumza hilo pia, wanawake wawili ambao wiki iliyopita hawakusalimiana. Mume wa Bernadette akaitwa kutoka Goma aje aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali. Mimi nilikuwa nazunguka jengo mara ya tatu, mara ya nne, viatu vimejaa tope, na kila nikizunguka naona kitu kipya. Sikujua kwamba nyumba ina mambo mengi namna ile. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto aliyepewa saa ya zamani aifungue.

Mkataba ule wa kupangisha ulikuwa mrefu na haukupendeza kuusoma. Ulikuwa na choo, mkokoteni, maji ya bati na kisiki cha mparachichi. Niliusomea pande zote kwa sauti, kwa Kiswahili chao, na kila sehemu nilisimama kuuliza kama ndivyo walivyosema. Mara mbili walinisahihisha. Kisha tukaupeleka ofisini ukawekewa muhuri. Nijuavyo mimi, haujawahi kumpeleka mtu kwa wapatanishi.

Watu hawakurudi kwangu mara moja. Kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa barua za maombi ya kazi tu. Waliporudi, walijua kwamba Mutanzania haandiki mpaka aende kuona, na wengine hilo liliwakera. Mmoja aliniambia nina udadisi kupita kiasi. Nikamwambia asante.

Sasa nisikilize, wewe unayetafuta mahali pa biashara. Siku hizi mambo yamenyooka kuliko zamani zile. Kila kiwanja kina namba yake, cheti cha ardhi kiko kwenye mtandao, na mauzo yanasainiwa mbele ya noteri, yule afisa wa kuthibitisha saini. Shukuru kwa hayo, na uyatumie. Omba namba ya kiwanja, kaangalie mwenyewe jina lililoandikwa, usitosheke na picha uliyotumiwa kwenye simu. Ukikuta majina mawili, la mume na la mke, wote wawili waje, na usikubali ukiambiwa mmoja yuko safarini. Ukiambiwa mtu wa familia hana shida, mtafute umwulize yeye. Kama yuko Goma, vuka.

Uliza serikali imepanga sehemu ile iwe ya nini, maana unaweza kununua nyumba nzuri ukakuta hairuhusiwi kuwa duka, au kwamba iko karibu mno na maji ya ziwa. Uliza kama kuna benki inayoishikilia. Kama kuna mpangaji ndani, kaa naye, umwombe akuonyeshe karatasi yake, kwa sababu ukinunua jengo unamnunua na yeye. Na mkataba uliouchukua mahali ukiwa tayari umeandikwa, ukajaza majina tu, urudie. Usome ukiwa umesimama kwenye kiwanja chenyewe. Kila sentensi ikuonyeshe kitu. Sentensi isiyokuonyesha kitu, uliza inafanya nini hapo.

Wala usione aibu kuuliza mbele ya watu waliosoma. Anayejua kweli atafurahi umeuliza. Anayekasirika, mpe mkono, umuage, urudi nyumbani na pesa yako. Na kama siku moja wewe ndiye utakuwa mwenye kalamu, mtu asiyejua kusoma akakaa mbele yako, uliza kwa ajili yake hata maswali ambayo yeye hakuthubutu. Jina lako usiliweke chini ya jambo ambalo hukuliona.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akupe miguu isiyochoka kuzunguka na sikio linalosubiri jibu. Akukutanishe na wauzaji wakweli na majirani wema. Mahali utakapopapata pawe pako bila mtu kulia nyuma yako, biashara yako ikue, na watoto wako wakae hapo kwa amani.